Jinsi ya Kubuni na Kutathmini Majaribio ya Wanafunzi Kuhusu Dalili za Uhai

Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kuzitaja sifa saba za viumbe hai bila kukwama: kujongea, kupumua, kujilisha, kukua, kuzaliana, kuhisi na kutoa takamwili. Mpe mbegu kavu ya haragwe na mshumaa unaowaka, kisha mwulize ni kipi kati ya hivyo viwili kilicho hai na amejuaje, na hapo ndipo orodha aliyoikariri inapoanza kumtupa mkono. Mshumaa unatumia oksijeni, unatoa joto na kabonidayoksaidi, na mwali wake hautulii. Mbegu imelala mezani na haionyeshi hata dalili moja kati ya zile saba. Hata hivyo mbegu ndiyo yenye uhai.

Mwongozo huu unamlenga mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, au wa biolojia katika kidato cha kwanza, anayetaka wanafunzi wake wabuni majaribio yao wenyewe badala ya kurudia yale ambayo jibu lake limekwisha kuandikwa ubaoni. Msimamo unaouongoza ni mmoja: jaribio la dalili za uhai lina thamani pale tu ambapo kitu kilichokufa au kisicho hai kimepewa nafasi ileile ya kuionyesha dalili hiyo. Jaribio lisilo na ulinganisho huo ni maonyesho, na maonyesho hayampi mwalimu kitu cha maana cha kutathmini.

Hatua ya kwanza: anza na vitu vyenye utata

Kabla ya kugawa vifaa, weka mezani vitu vichache ambavyo havijipambanui kwa urahisi, kwa mfano mbegu kavu za maharage, hamira kavu, mshumaa unaowaka, jani lililonyauka, jongoo ndani ya chombo na donge la magadi. Kila kundi lichore jedwali lenye safu tatu, yaani dalili inayoonekana, dalili isiyoonekana, na dalili isiyojulikana mpaka ifanyiwe jaribio. Safu ya tatu ndiyo inayotakiwa, kwa kuwa humo ndimo maswali ya uchunguzi yanamotoka.

Swali linalojaribika hutaja kiumbe kimoja, dalili moja na jambo moja litakalobadilishwa. “Je, hamira ni kiumbe hai?” ni swali pana mno kwa kipindi kimoja. “Je, hamira iliyochemshwa hutoa gesi kama isiyochemshwa, zote zikipewa sukari na maji kwa kiasi kilekile?” ni swali ambalo mwanafunzi anaweza kulishika mkononi. Chini ya swali aandike utabiri wake pamoja na sababu, kisha aandike sentensi moja inayoeleza ni matokeo gani yatakayomwonyesha kwamba utabiri huo si sahihi. Wanafunzi wengi huiruka sentensi hii wakidhani ni ya kujihukumu mapema. Isidharauliwe, kwa sababu mwanafunzi asiyeweza kusema ni nini kingemkanusha bado hajabuni jaribio.

Hatua ya pili: chagua dalili kulingana na muda na vifaa

Sifa saba hazilingani kwa urahisi wa kupimwa. Kupumua na kukua ndizo zinazofaa zaidi kuanzia, kwa kuwa zina namba za kuandika na vifaa vyake vinapatikana jikoni na dukani. Kuhisi huwavutia sana wanafunzi, hasa panapopatikana kifauwongo, mmea unaokunja vijani vyake unapoguswa. Kinachopimwa hapo ni muda ambao jani hutumia kufunguka tena, na swali zuri kwa kundi lenye ari ni kama jani linaloguswa mara nyingi mfululizo linaendelea kujikunja vilevile. Jaribio hili lifanyike saa ileile ya mchana kwa makundi yote, kwa sababu kifauwongo hujikunja chenyewe giza linapoingia.

Jongoo pia anafaa. Chukua sinia, tandika karatasi iliyoloweshwa upande mmoja na karatasi kavu upande wa pili, weka majongoo katikati, kisha hesabu kila baada ya dakika moja ni wangapi wako upande gani. Kundi makini litaandaa na sinia la pili lililoloweshwa pande zote, kwani huenda majongoo wanakimbia mwanga wa dirisha na wala si ukavu. Asiyeandaa sinia hilo la pili hawezi kutofautisha mambo hayo mawili, hata akihesabu kutwa nzima.

Kujongea kwa mimea huonekana kwa mche wa mahindi uliowekwa ndani ya boksi lenye tundu ubavuni. Baada ya siku chache mche huwa umepinda kuelekea kwenye mwanga. Kuzaliana kunahitaji subira. Njia nyepesi ni kuweka vipande vya ndizi mbivu katika vikopo vitatu, kimoja wazi, cha pili kimefunikwa kitambaa chepesi na cha tatu kimefungwa kabisa, kisha kuangalia mabuu yanatokea wapi. Jaribio la namna hiyo, kwa nyama, lilifanywa na Mwitalia Francesco Redi na kuchapishwa mwaka 1668, wakati watu wengi waliamini kwamba funza huzuka wenyewe katika nyama inayooza. Kujilisha kwa mimea kunaweza kuchunguzwa kwa kupima wanga katika jani kwa ayodini. Kuhusu kutoa takamwili, sioni jaribio la darasani linalotosheleza: mfuko wa plastiki uliofungwa kwenye tawi huonyesha mvuke wa maji, lakini kuuita mvuke huo takamwili ni kuwachanganya watoto.

Hatua ya tatu: jenga ulinganisho

Hapa ndipo penye kazi yote, na mfano wa hamira unatosha kuionyesha.

Andaa chupa za plastiki za nusu lita zinazofanana. Katika ya kwanza tia kijiko kimoja cha chai cha hamira, vijiko viwili vya sukari na mililita 200 za maji ya uvuguvugu yenye nyuzi joto kati ya 35 na 40. Ya pili ipate vitu hivyohivyo, ila hamira yake iwe imekwisha kuchemshwa katika maji hayo kwa dakika kadhaa na kuachwa ipoe mpaka ifikie joto la chupa ya kwanza. Ya tatu iwe na sukari na maji bila hamira. Ya nne iwe na hamira na maji bila sukari. Visha kila mdomo wa chupa puto ambalo limekwisha kunyooshwa kwa kupulizwa mara mbili tatu. Mambo yakienda sawa, puto la chupa ya kwanza huanza kusimama katika muda wa nusu saa hivi na kuendelea kuvimba, na maputo ya chupa ya pili na ya tatu hubaki yamelala. La nne likivimba, huvimba kidogo tu.

Walimu wengi huishia hapo, na darasa hupiga makofi. Mimi ningeongeza chupa ya tano: magadi yaliyosagwa, kisha maji ya ndimu yanayomiminwa upesi kabla ya puto kuvishwa. Puto linavimba, tena haraka kuliko lile la hamira. Gesi yake ikielekezwa kwenye maji ya chokaa, nayo inayageuza kuwa meupe kama maziwa, kwa sababu ni kabonidayoksaidi ileile. Mwanafunzi aliyekuwa ameandika “puto limevimba, kwa hiyo hamira ni hai” sasa analazimika kueleza kwa nini magadi si hai.

Asikimbilie kusema kwamba kuchemsha kunamaliza ubishi, maana moto huua viumbe lakini pia huharibu kemikali nyingi. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Marekani, Viking 1 na Viking 2, vilitua katika sayari ya Mihiri vikiwa na maabara ndogo za kutafuta vijidudu udongoni. Katika mojawapo ya majaribio hayo, udongo ulidondoshewa majimaji yenye virutubisho vilivyotiwa kaboni yenye mnururisho, yaani inayotoa miale inayoweza kufuatiliwa kwa kifaa, na gesi yenye mnururisho ikatoka. Udongo uliotangulia kupashwa joto la nyuzi 160 kwa saa 3 haukutoa gesi hiyo. Kwa masharti yaliyowekwa kabla ya safari, hayo yalikuwa matokeo ya kitu kilicho hai. Lakini kifaa kingine katika vyombo hivyohivyo hakikupata ushahidi wa viumbe katika udongo huo, na wanasayansi wengi waliamua kwamba gesi ilitokana na kemikali kali zinazoharibiwa na joto. Mwaka 2008 chombo kingine, Phoenix, kilikuta chumvi za pakloreti katika udongo wa Mihiri, jambo lililoipa nguvu hoja ya kemikali. Kisa hiki kinafaa kusimuliwa darasani baada ya chupa ya tano, si kabla.

Swali linalofuata ni hili: ni jaribio gani la ziada litakaloitenga hamira na magadi? Waache wanafunzi wahangaike nalo. Jibu mojawapo ni kuchota kijiko cha mchanganyiko uliokwisha kutoa gesi na kukihamishia katika maji mapya ya sukari. Mchanganyiko wa hamira utaanza tena kutoa gesi, ingawa polepole, kwa kuwa chembe zake bado zinakula. Ule wa magadi na ndimu ukishatulia hautafanya kitu ndani ya sukari.

Kwa wanyama ulinganisho usitafutwe kwa kuua. Mazingira yaliyobadilishwa, kama lile sinia la pili la majongoo, yanatosha.

Hatua ya nne: hakikisha kinachopimwa ndicho kinachodaiwa

Puto ni kipimo cha kuvutia lakini kina kasoro. Mpira wake hukataa kutanuka mpaka gesi ifikie nguvu fulani, kwa hiyo puto lililolala halina maana kwamba gesi haijatoka. Kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza ni afadhali mchanganyiko uwekwe katika glasi ndefu na urefu wa povu upimwe kwa rula kila baada ya dakika 5. Kipindi pacha cha dakika 80 kinatosha kuandaa, kupima na kusafisha.

Kwa kukua, mtego uko kwenye kuloweka. Haragwe lililochemshwa likawekwa kwenye maji huvimba na kuongezeka uzito sawasawa na haragwe hai, kwa sababu maji yanaingia tu. Anayepima unene wa mbegu siku ya kwanza anapima kulowa. Kinachofaa kupimwa ni urefu wa mzizi baada ya kuchomoza, tena kwa mbegu 20 katika kila chombo, kwani mbegu moja moja hufa kwa sababu zake. Kundi lililoendelea linaweza kushangazwa na jambo hili: miche inayooteshwa gizani hurefuka siku hadi siku, lakini ikikaushwa kabisa na kupimwa huonekana kuwa na uzito mdogo kuliko mbegu ilikotoka, maana akiba ya chakula imetumika katika kupumua.

Joto la upumuaji hupimwa kwa chupa mbili za chai. Moja ijazwe robo tatu kwa maharage yaliyolowekwa usiku kucha, nyingine kwa maharage yaliyochemshwa na kupoa. Kipimajoto kipenye katikati ya mbegu na mdomo uzibwe kwa pamba, ambayo hupitisha hewa. Soma asubuhi na jioni kwa siku 3 au 4. Chupa ya mbegu hai hupanda nyuzi kadhaa kuliko nyingine. Hata hivyo, mara nyingi utasikia kundi likilalamika kwamba mbegu zilizokufa nazo zimepata joto, na kundi hilo halijakosea kusoma kipimajoto. Mbegu zilizochemshwa huoza, na bakteria wanaozioza wanapumua. Ndiyo maana mbegu za chupa zote mbili husuuzwa kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini kabla ya kufungiwa; zikisuuzwa za upande mmoja tu, ulinganisho umeharibika.

Maji ya chokaa hutengenezwa kwa kukoroga chokaa safi ndani ya maji, kuyaacha yatulie usiku kucha na kumimina yale maangavu ya juu. Mwanafunzi akipuliza kwa mrija, maji hugeuka maziwa. Akiendelea kupuliza kwa muda mrefu, weupe huo hutoweka na maji kutakata tena, kwani chokaa iliyoganda inayeyuka. Anayerudi baada ya dakika nyingi na kuandika “hakuna mabadiliko” ameona kitu cha kweli kwa wakati usiofaa, na ndiyo sababu muda wa kuangalia huandikwa kwenye mpango. Kwa ulinganisho, hewa ya kawaida ipitishwe katika chombo kingine kwa pampu ya baiskeli kwa muda uleule.

Hatua ya tano: panga darasa kubwa

Palipo na wanafunzi 60 na vifaa haba, kuna kishawishi cha kulipa kundi moja chupa ya hamira hai, jingine chupa ya hamira iliyochemshwa, na kadhalika. Isifanyike hivyo. Kundi moja likipima sukari kwa kijiko kilichojaa fundo na jingine kwa kijiko kilichosawazishwa, tofauti ya mikono itaonekana kuwa tofauti ya uhai. Kila kundi la watu 6 liwe na jozi yake, yaani chupa iliyo hai na iliyochemshwa, na mwalimu aandae zile nyingine kwa ajili ya darasa zima. Matokeo ya makundi yote 10 yaandikwe ubaoni, pamoja na yale yasiyopendeza, kisha wastani utafutwe.

Hatua ya sita: usalama

Chupa ya hamira isifungwe kwa kifuniko kigumu, kwani inaweza kupasuka. Maji ya chokaa huunguza macho, kwa hiyo anayepuliza asivute na asiinamie chombo. Spiriti ya kuondolea kijani cha jani kabla ya kupima wanga ipashwe ndani ya maji ya moto baada ya moto kuzimwa. Mbegu za duka la pembejeo zenye rangi ya waridi au nyekundu kwa kawaida zimepakwa dawa na hazifai kushikwa na watoto. Tumia maharage ya kupikia. Vikopo vyenye ukungu visifunguliwe. Jongoo hutoa majimaji yanayowasha, basi mikono inawe kila baada ya kumgusa, na arudishwe alikookotwa siku hiyohiyo. Ufugaji wa viluwiluwi vya mbu usiruhusiwe hata mwanafunzi akibembeleza.

Hatua ya saba: tathmini

Gawa alama 100 hivi: swali na utabiri 15, mpango wa ulinganisho 30, kumbukumbu 20, hitimisho 25, usalama na utunzaji wa viumbe 10. Wanafunzi wauone mgawanyo huo kabla ya kuanza. Matokeo “sahihi” hayana alama hata moja, na hilo litangazwe waziwazi, la sivyo utaletewa madaftari yenye namba zilizopikwa. Dalili ya kupika ni jedwali lisilo na hata kipimo kimoja kilichokatwa au kinachopingana na vingine.

Tuseme makundi matatu yameandika mahitimisho yafuatayo. La kwanza: “Puto limejaa kwa sababu hamira ni kiumbe hai na inapumua.” La pili: “Puto la hamira hai lilivimba na la hamira iliyochemshwa halikuvimba, ingawa sukari, maji na joto vilikuwa sawa. Kwa hiyo kinachotoa gesi kinaharibiwa na moto. Gesi peke yake haitoshi kuthibitisha uhai kwa sababu magadi na ndimu pia vilivimbisha puto.” La tatu: “Puto letu halikuvimba. Tulitia maji ya birika bila kuyapima. Tunafikiri yaliua hamira. Tungerudia kwa nyuzi 38 ili kuona.”

La kwanza halistahili zaidi ya alama 8 kati ya 25, kwa kuwa limerudia maneno ya kitabu na halikutaja chupa ya pili kabisa. La pili lipate 23 au zaidi. La tatu ndilo linalowatenganisha walimu. Wapo watakaolipa sifuri kwa kuwa jaribio limekwama, lakini mimi ningelipa 17, maana limetoa sababu inayoweza kujaribiwa na kutaja namna ya kuijaribu. Alama zake zitapungua mahali pengine, kwenye mpango, ambako kipimajoto kilitakiwa na hakikutumika.

Kazi ya kundi huficha wavivu. Nusu ya alama za hitimisho zitolewe kwa andiko la mtu mmoja mmoja, au kwa maswali mawili ya ana kwa ana yanayoulizwa wakati makundi yanasafisha vyombo: “Kwa nini mlichemsha ile ya pili?” na “Kama zote mbili zingevimba, ungesemaje?” Aliyefanya kazi hujibu hata kwa kigugumizi, aliyekuwa anatazama humwangalia mwenzake.

Madaftari yarudishwe na nafasi ya kusahihisha mpango, kisha jaribio lirudiwe na kundi lolote linaloomba. Mtihani wa mwisho usiwe wa kutaja sifa saba. Weka pakiti tatu za unga zisizo na majina, moja hamira nzima, ya pili hamira iliyokwisha nguvu, ya tatu magadi yaliyochanganywa na unga wa ngano, na udai mpango tu, bila kufanya jaribio, wa kugundua ni ipi iliyo hai. Mwanafunzi atakayependekeza kuzipa zote sukari na maji ya joto moja, kisha kuhamisha kijiko cha kila mchanganyiko kwenye maji mapya ya sukari na kungoja, apewe alama zote 30 za mpango hata kama amekosea jina la gesi.